Nyoka wa Mkia Ulioungua

Kazi yangu ni kutofautisha kijani na kijani. Ukiniletea jiwe la kijani ukaliweka juani, kabla hujamaliza kulisifia nimeshajua kama ni tomalini, kama ni gaaneti ya kijani ya Merelani, au ni chupa ya bia iliyokatwa na mtu mwenye njaa. Nimesomesha watoto kwa jicho hilo. Ndiyo maana mpaka leo naona haya kidogo kusimulia kwamba niliumwa na nyoka wa kijani ambaye asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimemwona, nimemkagua, na nimempitisha.

Ilikuwa Juni 2016, Chanthaburi, mashariki mwa Thailand. Watanzania wanaoujua mji huo ni wachache, lakini mawe yetu yanaujua vizuri. Tangu safaya zilipovuma Tunduru katikati ya miaka ya 1990 na wanunuzi wa Kithai wakajaa kule na mizani zao, njia ya kwenda kwao ikafunguka, na sisi mabroka wadogo tukaifuata. Mimi nilibeba mzigo wa safaya za Umba. Soko lao huchangamka Ijumaa mpaka Jumapili: mnunuzi amekaa mezani, wewe mwenye mzigo ndiye unayezunguka. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima pembeni ya mji, nyumba iliyozungukwa na miti ya doriani na shokishoki. Mtu wa Unguja angeamka pale asubuhi akadhani yuko kwao. Yule mama wote tulimwita Pa. Kwa Kithai, pa ni dada mkubwa wa baba au wa mama, na huitwi hivyo mpaka umri wako ukubali.

Mvua zilikuwa zimeanza kweli kweli, nguo hazikauki. Kwetu Lushoto jua likichomoza kidogo unatandaza shati juu ya wigo, basi. Nami nikafanya hivyo hivyo. Alhamisi asubuhi, nikitandaza, nikamwona: amejikunja juu ya tawi, usawa wa kiuno changu, kijani kibichi kama jani changa la mgomba. Hakutikisika. Nikasimama hatua mbili nikapiga hesabu. Mtoto wa Tanga anajua kwamba nyoka wa kijani mtini kwa kawaida ni ukukwi, mwembamba, mwoga, hana neno na mtu. Wa kuogopwa ni hongo, na huyo ni mrefu, hufika mita mbili. Huyu niliyekuwa namtazama hakufika hata mita moja. Si hongo, kwa hiyo ni ukukwi. Nikahamisha shati upande wa pili wa wigo, nikaenda zangu kunywa chai.

Makosa ya hesabu ile nayaona sasa kama ninavyoona ufa kwenye jiwe nililokwisha kulilipia. Ukukwi ukimsogelea anakimbia. Huyu hakukimbia, na mimi nikauchukua utulivu wake kuwa upole. Tena kichwa chake kilikuwa kipana kama mshale wa kuelekeza njia, shingo nyembamba, kisha mwili mnene. Ukukwi ni kamba tupu toka kichwa mpaka mkia. Yote hayo niliyaona. Macho yaliona, lakini jibu lilikuwa limeshatoka.

Jioni, giza likianza kuingia, nikaenda kuanua. Nilipoingiza mkono chini ya shati kulibandua kwenye matawi, nikahisi kitu kama mwiba wa mchongoma uliochovywa motoni, kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Nikadhani ni mwiba kweli. Halafu shati likacheza lenyewe.

Mjukuu wa Pa alikuja na simu, akammulika na kumpiga picha akiwa mbali. Ile picha nimeitazama mara nyingi kuliko picha za harusi yangu. Mgongo kijani kitupu, hauna doa. Chini ya jicho rangi inabadilika ghafla: mdomo wa juu umepauka, njano inayoelekea nyeupe, kama mtu aliyekunywa maziwa asijifute. Jicho la rangi ya shaba, mboni imesimama wima kama ya paka. Na mkia, ambao asubuhi ulikuwa umefichwa ndani ya majani, juu yake una wekundu wa kutu. Pa akaangalia mara moja tu, akasema, "Ngu khiao hang mai." Kithai changu kilikuwa cha kuhesabu na kubishana bei, lakini *khiao* nilikijua sana, ndiyo kijani, siwezi kuuza bila hilo neno. Mengine mjukuu akanifafanulia kwa vidole: *ngu* nyoka, *hang* mkia, *mai* iliyoungua. Nyoka wa kijani wa mkia ulioungua.

Baadaye nilikuja kupenda majina yao ya nyoka, maana kila moja ni maelekezo. Kuna wa kijani wa mdomo wa mjusi kafiri, mwembamba, pua ndefu imechongoka, mboni yake imelala badala ya kusimama. Huyo sumu yake ndogo haimsumbui mtu. Kuna wa kijani wa Indra, mungu wa Kihindu, mwenye madoadoa meusi, anayeparamia kuta na kuingia mpaka bafuni, naye hana madhara ya maana. Wote watatu ni "wa kijani." Kinachofuata baada ya neno kijani ndicho kinachoamua kama unakwenda hospitali.

Mimi nilifanya mambo mawili ambayo kila mtu wa kwetu angeyafanya. Kwanza nilivua mkanda nikaufunga juu ya kiwiko kwa nguvu zangu zote. Pili nikatoa kwenye pochi jiwe la nyoka.

Jiwe lile alinipa mjomba wangu nilipoanza kuzunguka machimboni. Jeusi, jepesi, saizi ya nusu kidole gumba. Analiheshimu, na miaka yote nilitembea nalo, mimi ambaye sinunui jiwe la mtu bila kuliweka chini ya lenzi. Nikaligusisha kwenye tundu la jino, likanata barabara. Moyo ukatulia: si unaona, linavuta. Pa akaufungua ule mkanda bila kuniomba ruhusa, akanikemea kwa Kithai, kisha akalitazama jiwe kidoleni mwangu. Ninaujua mtazamo ule. Ndivyo wanunuzi wanavyotazama kioo kilichopakwa jina la zumaridi, na kwa adabu hawasemi kitu.

Jiwe la nyoka kwa kawaida ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa mpaka ukawa mkaa. Una vitundu vidogo vidogo, kwa hiyo ukigusa kidonda chenye majimaji unanata, kama kipande cha gae kinavyonata kwenye ulimi. Lingenata hata kama ningechomwa na msumari. Mkanda nao ni hatari ya kweli: sumu ya nyoka wa aina hii inavimbisha na kuharibu nyama pale pale ilipoingia, nawe unaizungushia boma na kuizuia isitoke hapo. Kinachotakiwa ni kuvua pete na saa kabla uvimbe haujafika, kutulia, na kupelekwa hospitali mkono ukiwa hautikiswi. Pete yangu ilivuliwa na Pa kwa sabuni ya vyombo, tukiwa ndani ya pikapu.

Hospitalini muuguzi aliitazama picha akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwona jirani. Akatoa damu, akaitia kwenye kijichupa kikavu cha kioo, akakisimamisha mezani, akatazama saa. Nikauliza mashine iko wapi. Hakuna mashine. Damu inaachwa dakika 20 bila kuguswa, kisha kijichupa kinainamishwa. Ikiwa imeganda, nafuu. Ikimwagika, sumu imeshafika kwenye damu. Kipimo hicho unaweza kukifanya hata kwenye zahanati ya kijijini, mradi kijichupa kiwe cha kioo na kiwe kisafi.

Yangu iliganda. Uvimbe ulikuwa umefika kifundoni, kidole kimekuwa kama ndizi bukoba, maumivu yanapiga ngoma, lakini damu iliganda. Daktari akasema nilale pale, watapima tena baada ya saa sita, na tena. Mimi nikasikia neno moja tu, imeganda. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya soko, na mnunuzi mmoja alikuwa ameniahidi meza. Nikatia saini kwa mkono wa kushoto kwamba naondoka kwa hiari yangu.

Ijumaa nilizunguka sokoni mkono umefungwa shingoni. Niliuza kidogo, tena kwa bei ya mtu mgonjwa, maana mnunuzi akiona una haraka ya kwenda kulala hapandi. Usiku nikapiga mswaki. Povu likawa jekundu. Nikasukutua, jekundu. Nikasukutua tena na tena mpaka nikaacha kuhesabu, na pale kwenye tundu la sindano ya jana nako kukaanza kuvuja. Uvimbe ulikuwa umepita kiwiko. Nikamgongea Pa. Hakusema "nilikwambia", na sijui kama Kithai kina neno hilo, lakini alikuwa amelala amevaa nguo za kutokea.

Safari hii kijichupa kilipoinamishwa damu ilitembea kama juisi ya rozela.

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Damu yetu ina protini inaitwa fibrinojeni, ndiyo nyuzi za kushonea jeraha. Sumu ya nyoka huyu inajifanya fundi: inazichukua nyuzi hizo na kuzishona ovyo ovyo, mishono dhaifu inayofumuka hapo hapo, mpaka ghala linabaki tupu. Ukija ukapata jeraha la kweli, huna uzi. Inachukua muda. Ndiyo sababu kipimo cha kwanza kinaweza kukudanganya, na ndiyo sababu mgonjwa hufuatiliwa kwa siku kadhaa hata akiwa anacheka.

Dawa ya sumu haipewi kila aliyeumwa. Wengi huvimba, huumwa, hupona. Hupewa yule ambaye damu imekataa kuganda, au chembe za kugandisha damu zimeshuka sana, au anavuja damu. Hutengenezwa kwa kumzoesha farasi sumu kidogo kidogo kisha kuchukua kinga kutoka kwenye damu yake, kwa hiyo mwili wa binadamu waweza kuikataa ghafla. Walinikalia karibu kwa hilo. Ilikuja kama unga ndani ya vichupa vitatu, ikayeyushwa, ikaingizwa kwenye dripu. Baada ya saa sita muuguzi akapima tena, akaja na kijichupa kitandani, akakipindua juu chini mbele ya macho yangu. Damu ikabaki juu, imeshikilia. Nimeshika mawe ya thamani kubwa maishani, sijawahi kutazama kitu chekundu kwa furaha namna ile.

Pa alikuwa akija wodini na wali na stori. Alinisimulia mafuriko ya mwaka 2011, jinsi ilivyovuma kwamba mamba wa kijani wa mtu aliyekuwa akiwafuga nyumbani, Nonthaburi, jirani na Bangkok, wametoroka na maji. Si mamba wa mtoni. Ni hongo wetu, nyoka wa pwani ya Afrika Mashariki! Watu wakaogopa kuingia majini. Pa alicheka mpaka akajifuta machozi: nyoka wa Afrika, ambaye hakuna aliyemwona, akawakosesha usingizi, na huku wanaowauma kila msimu wa mvua ni hawa wa mkia ulioungua wanaolala kwenye maua ya nyumbani. Nikamwambia mimi nimetoka kwao hongo nikaja kuumwa kwake. Alilipenda sana hilo, akawa anamhadithia kila anayeingia wodini.

Nilipopata nafuu nilipitia Bangkok, kwenye Taasisi ya Malkia Saovabha ya Msalaba Mwekundu wa Thailand. Ndiko hutengenezwa dawa niliyochomwa, na wana shamba la nyoka lililofunguliwa mwaka 1923, ambalo wageni huruhusiwa kulitembelea. Nilisimama mbele ya kioo chao muda mrefu kuliko watalii wote. Walikuwapo wawili walioonekana kwangu pacha: mmoja wa mdomo mweupe, Trimeresurus albolabris, jina ambalo kwa Kilatini maana yake ni hiyo hiyo, mdomo mweupe, mwingine wa macho makubwa, Trimeresurus macrops. Wote wapo Bangkok penyewe, wote kwa mtu wa kawaida ni "mkia ulioungua." Jenasi hiyo, yaani ukoo wote wa Trimeresurus, ina spishi zaidi ya 40 zilizotapakaa Asia, nyingi za kijani, na wataalamu wenyewe bado wanazigawa upya. Mwaka 2011 walimtenga mwingine wa milima ya Cardamom, upande ule ule wa Chanthaburi na Kambodia. Kwa hiyo nikiulizwa kwa kiapo ni yupi aliyeniuma, najibu kwa mdomo na kwa mkia ule: wa mdomo mweupe. Zaidi ya hapo siapi.

Huyu wa mdomo mweupe si mkubwa. Dume huishia kama sentimita 60, jike hufika 80, na unene wa yule aliyeniuma ulikuwa wa jike. Dume ana mstari mwembamba mweupe ubavuni, mpaka wa kijani cha mgongo na tumbo lililopauka. Jike hana. Hatagi mayai, huzaa watoto hai, nao wanazaliwa na sumu yao tayari. Mkia hunasa tawi kama kidole cha tano. Mchana amejikunja kichakani, usiku hushuka chini kuvizia vyura, mijusi na panya. Makao yake ni kutoka kusini mwa China, pamoja na Hong Kong na Hainan, kupitia Vietnam, Laos, Kambodia, Thailand na Myanmar, halafu Sumatra na Java. Zamani walihesabu humo hata wa Nepal na wa visiwa vya mashariki mwa Java mpaka Timor, lakini siku hizi hao ni spishi nyingine. Broka mwenzangu aendaye maonyesho ya mawe Hong Kong aliniambia kule wanamwita nyoka wa mwanzi wa kijani, na ndiye anayeongoza kwa kuuma watu kwenye vilima vya mji ule wa maghorofa.

Kwetu Afrika nyoka wa jamii hii hakuna hata mmoja. Tuna kifutu na ndugu zake, na milimani kwetu Usambara yuko mdogo wa mtini mwenye vijipembe juu ya macho, lakini wote hao hawana kishimo. Huyu wa Asia ana kishimo kila upande, kati ya jicho na pua, na ndani yake kuna utando mwembamba unaohisi joto. Usiku haoni panya tu, anaona joto la panya. Nikakumbuka shati langu: wigo umepoa, giza linaingia, na chini ya kitambaa unapenya mkono wa moto wa mtu. Kwake yeye nilikuwa nimeingia na tochi.

Mfanyakazi mmoja wa pale, alipoona nina lenzi ya mawe shingoni, alinipa nitazame gamba ambalo nyoka mmoja alikuwa amejivua. Watanzania tuliopitia siasa za "kujivua gamba" tunaweza kulitania neno hili siku nzima, lakini lile mkononi lilikuwa karatasi ya sigara. Chini ya lenzi niliona kila kitu: kishimo, tundu la pua, na gamba la kwanza la mdomo wa juu limeungana na gamba la pua, alama ambayo wataalamu huitafuta kwa huyu wa mdomo mweupe. Kitu kimoja sikukiona. Gamba lile halikuwa na kijani hata chembe. Lilikuwa kama maji. Akanieleza kwamba kijani hakiko kwenye gamba la nje. Ndani ya ngozi hai kuna chembe zinazorudisha mwanga wa buluu, na juu yake kuna rangi ya njano, macho yetu ndiyo yanayojumlisha. Nyoka akihifadhiwa kwenye spiriti njano huyeyuka, naye hubaki buluu. Kule Komodo wapo ndugu zake walio buluu wangali hai. Nikageuza lile gamba juani kama ninavyogeuza jiwe, huku na huku. Hakuna kitu.

Nilirudi Chanthaburi kuchukua mzigo uliobaki. Pa alikuwa ameukata wigo mpaka usawa wa goti, na kati ya miti miwili ya doriani amefunga kamba ya nguo ya nailoni. Ya kijani. Waswahili husema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nilishtuka kweli, nikarudi nyuma hatua tatu, na mjukuu akacheka mpaka akakaa chini.

Kidole mpaka sasa hakikunji vizuri. Kibano nakishika kwa kushoto, na wateja wapya wanadhani ni madaha.

Nilipofika Lushoto nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Alikuwa ameshasikia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hebu nione mkono." Akaugeuza, akakibonyeza kidole. "Na lile jiwe, uliliweka?"

"Niliweka, mjomba."

"Likanata?"

"Lilinata vizuri sana, mjomba."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwita mke wake alete chai.